View-Master ya zamani: nunua rili kwanza, chombo baadaye

Anayetafuta mtandaoni View-Master ya zamani, kile chombo cha kutazamia picha zenye kina kwa macho mawili, kwa kawaida huhangaika na chombo chenyewe: kiwe cheusi au cha kahawia, cha bakelaiti (plastiki ngumu ya kale) au cha plastiki ya kawaida, chenye taa au kisicho na taa. Hilo huamuliwa kwa dakika kumi. Kinachostahili kuumiza kichwa ni rili, ile sahani ya kadibodi yenye vipande vya filamu. Chombo chochote kizima kitakuonyesha rili nzuri, lakini hakuna chombo, hata kiwe ghali namna gani, kitakachorudisha rangi ya rili iliyokwisha kuiva nyekundu kama tikiti.

Rili ina upana wa karibu sentimita 9, na ukingoni mwake kuna vidirisha 14 vya filamu. Hivyo ni jozi 7. Kila tukio limepigwa kwa lenzi mbili zilizoachana kidogo, kama macho yalivyoachana. Picha ya jicho la kushoto imewekwa upande mmoja wa sahani na ya jicho la kulia upande unaoikabili. Zikifika pamoja mbele ya macho, ubongo unaziunganisha, na mlima unarudi nyuma na mti unakuja mbele. Sasa itazame rili ikiwa mkononi: vidirisha viwili vilivyo jirani ni vya matukio tofauti kabisa. Si kosa la kiwandani. Jozi zikiwa 7, kidirisha kinachokabili kingine kiko hatua 7 mbele yake, na kwa kuwa 7 ni witiri, vya kushoto na vya kulia hupishana kimoja kimoja kuzunguka ukingo wote. Ndiyo maana kila ukibonyeza wenzo sahani huruka vidirisha viwili, si kimoja. Jozi zingekuwa shufwa, 6 au 8, hesabu hiyo isingekubali.

Mpangilio huu haujaguswa tangu 1939. Aliyeubuni ni William Gruber, fundi wa vinanda aliyezaliwa Ujerumani na kuhamia Portland, Oregon. Mwaka 1938 alikuwa kwenye mapango ya Oregon Caves akiwa na kamera mbili za Kodak zilizofungwa ubavu kwa ubavu juu ya stendi moja, na Harold Graves wa kampuni ya Sawyer's, wauza postikadi wa Portland, akataka kujua hilo ni dude gani. Mwaka uliofuata View-Master ikafikishwa kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York. Wakati huo haikuwa kitu cha watoto hata kidogo. Ilikuwa postikadi yenye kina, ya kuuzwa kwa watalii. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, jeshi la Marekani lilinunua vyombo vipatavyo 100,000 na rili karibu milioni 6 za kufundishia askari. Katuni zilishika kasi baada ya 1951, Sawyer's ilipomnunua mshindani wake, Tru-Vue, na kupitia kwake ikapata ruhusa ya kutumia wahusika wa Disney.

Kwa mnunuzi wa leo, faida ya historia hiyo ni moja na ni kubwa: rili ya 1950 inaingia kwenye chombo cha 1990 bila kinyongo.

Rili zipi basi? Za mandhari ndizo rahisi kuliko zote, na kwa ubora wa picha ndizo bora. Mbuga za taifa za Marekani, barabara za miji ya miaka ya 1950 zilizojaa magari yenye mapezi, bustani za maonyesho, Disneyland ya miaka ya mwanzo baada ya kufunguliwa 1955. Watu wanazipita kwa sababu bahasha zinamouzwa rili hizo hazina sura ya nyota wa televisheni. Waache wapite.

Za televisheni ndizo zinazogombaniwa, na bei yake mara nyingi inazidi thamani. Hata hivyo zina jambo moja ambalo mashabiki wengi hawalijui. Picha zake hazikukatwa kwenye filamu ya kipindi. Kipindi kilirekodiwa kwa lenzi moja, kwa hiyo hakina kina cha kukopa. Mpiga picha wa View-Master alikwenda studio na kamera yake ya lenzi mbili, akapiga waigizaji na mandhari ya studio papo hapo. Bahasha ya Batman ya 1966 au ya Star Trek ya 1968 inakuonyesha jukwaa lile lile kutoka pembe ambazo televisheni haikuzionyesha kamwe, na kwa kina cha kweli: unaona kabisa kwamba mandhari imetengenezwa, na kwamba ukuta wa nyuma uko hatua chache tu kutoka kwa mwigizaji. Kwa mpenzi wa kipindi, hapo ndipo pesa yake ilipo.

Lakini kama ni kununua bahasha moja tu, iwe ya hadithi za watoto zilizofinyangwa. Tangu miaka ya 1940 Sawyer's ilikuwa na msanii aitwaye Florence Thomas, aliyefinyanga wahusika mmoja mmoja kwa mkono, akawajengea vyumba, misitu na jikoni za mezani, kisha vikapigwa picha kwa karibu sana. Joe Liptak naye alifanya kazi hiyo hiyo. Ukitazama rili hizo kwa utulivu utaona alama ya kidole kwenye shavu la udongo, uzi uliochomoza kwenye blanketi, majani makavu ya kweli yaliyotumika kama miti. Picha bapa ya tukio hilo hilo haina mvuto wowote. Kina ndicho kinachofanya mtu ahisi anachungulia ndani ya nyumba ya watu. Katuni zilizochorwa kwa mkono kisha zikapangwa tabaka tabaka ili zionekane zina kina ni jambo jingine kabisa: zinafanana na kadi zilizosimamishwa moja nyuma ya nyingine, na haziamshi hamu ya kurudia.

Sasa rangi, ambapo ndipo watu wanapoibiwa, au wanapojiibia wenyewe.

Rili za Sawyer's zilitengenezwa kwa filamu ya Kodachrome. Kodachrome ikihifadhiwa gizani hudumu na rangi zake kwa miongo mingi. Rili ya 1948 unaweza kuikuta na anga la buluu kana kwamba imetoka kiwandani jana. Mwaka 1966 kampuni ya GAF iliinunua Sawyer's, na katika miaka ya 1970 rili nyingi zikaanza kutengenezwa kwa filamu ya bei nafuu ambayo rangi yake ya samawati hufifia kabla ya nyingine. Samawati ikiondoka, kinachobaki ni wekundu. Anga linakuwa la waridi, majani yanakuwa ya kahawia, na nyuso zote zinafanana na za watu waliochomwa na jua. Hakuna dawa yake. Ukiiweka kwenye skana unaweza kuilazimisha irudi kiasi kwenye kompyuta, lakini ndani ya chombo itabaki hivyo hivyo.

Nembo ya GAF peke yake haitoshi kuihukumu rili. Za miaka ya mwanzo ya GAF bado ni Kodachrome na ni nzuri kabisa. Kinachoamua ni kipimo, nacho ni rahisi: fungua ukurasa mweupe kwenye simu, ongeza mwanga hadi mwisho, weka rili juu yake, tazama mahali panapotakiwa kuwa peusi na mahali panapotakiwa kuwa na anga. Weusi ukiwa mwekundu uliokolea badala ya mweusi wa makaa, rili imekwisha. Ukinunua kwa mbali, mwombe muuzaji akupigie picha hiyo hiyo. Anayejibu kwamba hana muda huku anauza bahasha hamsini, mpite. Picha ya bahasha peke yake haikuambii lolote. Kadibodi inaweza kuwa safi kama mpya na filamu iliyo ndani imeoza.

Kagua namba pia. Bahasha ya kawaida ina rili 3, yaani picha 21, na mara nyingi kijitabu cha hadithi. Bahasha ikiwa B492, rili zake ni B4921, B4922 na B4923. Wauzaji wa mafungu huchanganya, na si ajabu kukuta rili mbili za namba ya pili na ya kwanza haipo. Kijitabu kikikosekana picha haziathiriki, ila bei ishuke. Usikubali kulipia bahasha kamili kwa kitu kisicho kamili.

Tuje kwenye vyombo. Model A ya 1939 na Model B iliyofuata hufunguka kama kombe la chaza: unaachanisha nusu mbili, unaweka rili katikati, unafunga. Zinapendeza kabatini. Plastiki ya Model A imezoea kupinda, na nusu zikishapinda hazikutani, mwanga unaingia pembeni na picha inapoteza nguvu. Ni ya mkusanyaji, si ya mtazamaji.

Model C, ya 1946 hadi 1955, ndiyo ya kununua. Ni bakelaiti nzito, nyeusi au ya kahawia iliyokolea. Rili inachomekwa juu kwenye mwanya, na wenzo uko upande wa kulia. Zilitengenezwa nyingi mno, kwa hiyo bei yake ni ya chini, na haina umeme wa kuharibika. Unaielekeza dirishani na kuanza kutazama. Kasoro yake ni kwamba fokasi haibadiliki. Mwenye miwani ya kuona mbali atalazimika kuivaa, na miwani hugongana na matundu ya macho.

Kwa mtu huyo kuna Model D, iliyoanza 1955: ina fokasi ya kurekebishwa na taa ya ndani. Kwa uwazi wa picha inaizidi Model C, na wakusanyaji wanalijua hilo, kwa hiyo jiandae kulipa. Model E ya mwaka huo huo haina taa, ila mwanya wake wa juu umekatwa kwa umbo la V na wenzo wake ni mkubwa; ni rahisi kwa mikono ya watoto na ya wazee. Model F ni ya mwisho mwisho wa miaka ya 1950, yenye taa inayowashwa kwa kubonyeza upau wa juu. Umbo lake ni kazi ya Charles Harrison, msanifu Mmarekani mweusi ambaye baadaye alipanda hadi kuongoza usanifu wa bidhaa huko Sears, kampuni ya maduka ya Marekani. Mitandaoni utasoma mara kwa mara kwamba Harrison ndiye aliyevumbua View-Master. Hapana, alisanifu upya umbo lake, na umbo hilo lilikuwa zuri bila kuhitaji kutiwa chumvi.

Model G ya miaka ya 1960, ya plastiki nyepesi, inatosha kabisa kwa nyumba yenye watoto. Ikianguka kwenye sakafu ya saruji itaruka. Model C ikianguka hapo itapasuka, maana bakelaiti ni ngumu lakini haina unyumbufu. Vyombo vyekundu vya baadaye vinafanya kazi, vina lenzi za plastiki, na hapo habari yake imekwisha.

Kabla ya kulipa, jaribu wenzo mara saba mfululizo. Urudi juu wenyewe kila mara na picha isimame katikati ya dirisha. Picha ikisimama nusu nusu, badilisha rili kwanza: tatizo likihama na rili, basi vitundu vidogo vya sahani, ambavyo kidole cha chuma ndani ya chombo huvishika ili kuizungusha sahani, vimechanika. Tatizo likibaki kwa rili zote, springi imechoka au imejaa uchafu. Usimimine mafuta ya cherehani humo. Mafuta hutambaa hadi kwenye lenzi na kwenye kadibodi, na doa la mafuta kwenye rili halitoki.

Kisha funga jicho moja, tazama. Fungua, funga la pili. Pande zote mbili ziwe na mwanga sawa na ukali sawa. Upande mmoja ukiwa na ukungu, chukua kijiti cha masikio, kilowanishe kidogo kwa spiriti ya isopropili na usugue lenzi kwa mduara kutoka katikati kwenda nje. Vumbi la ndani litoe kwa mpira wa kupulizia kupitia mwanya wa rili, chombo kikiwa kimeinamishwa ili vumbi lidondoke. Usipulize kwa mdomo. Mate yataacha madoa mabaya kuliko vumbi. Na kama hujui chombo kinavyofunguka, usichomeke bisibisi kwenye maungio. Mapengo mengi yanayoonekana kwenye picha za mnadani yaliachwa na bisibisi hiyo.

Bakelaiti iliyofifia isafishwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na sabuni ya kuoshea vyombo, ikaushwe papo hapo, kisha isuguliwe kwa nta ya kung'arishia magari. Usiiloweke. Maji ya moto na jua kali huondoa ngozi yake ya juu inayong'aa, na chini yake kuna uso wa unga usiorudi kung'aa.

Vyombo vyenye taa vina ugonjwa mmoja: betri zilizosahaulika ndani. Uchafu wa kijani au mweupe kwenye vipande vya chuma uondoe kabla ya kujaribu lolote. Kwa betri za alkalini, dondosha siki kidogo kwa kijiti cha masikio. Kwa zile za kale za zinki, ambazo maji yake ni tindikali, tumia magadi ya kupikia yaliyokorogwa kwa maji hadi yawe uji mzito. Futa kwa kitambaa chenye maji, kausha, kisha pitisha msasa laini. Ukibadilisha balbu kwa ya LED, chukua yenye mwanga wa manjano kidogo. LED nyeupe baridi inaitia Kodachrome rangi ya buluu na kuharibu kile ulicholipia.

Kusafisha rili kunahitaji mkono mwepesi. Anza na brashi laini ya kamera. Alama ya kidole ikigoma, tumia isopropili ya asilimia 98 au zaidi kwenye kijiti cha pamba, pitisha mara moja, acha ikauke. Ile ya dukani ya asilimia 70 ina maji, na maji yanalainisha utando wa filamu na kuvimbisha kadibodi. Rili iliyopinda ibane kati ya vioo viwili chini ya vitabu vizito kwa siku kadhaa. Usiikaribie na pasi. Na ikiwa picha moja inakuumiza kichwa huku nyingine sita ziko sawa, huenda kipande cha filamu kimehama ndani ya kadibodi, upande mmoja umepanda na mwingine umeshuka. Macho hayana uwezo wa kutazama juu na chini kwa wakati mmoja. Iruke picha hiyo, usiichokonoe.

Kwa wanaoishi Mombasa, Tanga, Dar es Salaam au Unguja, adui ni unyevu. Kuvu hupenda utando wa filamu, na huanza kama utandabui mwembamba usioonekana hadi uuelekeze kwenye mwanga. Weka rili kwenye chombo cha plastiki chenye kifuniko kinachobana, pamoja na vipakiti vya silika kama vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na uvibadilishe au uvikaushe vikishalowa. Rili zenye kuvu zikae mbali na nyingine. Na usiziache dirishani juu ya View-Master kama pambo: Kodachrome inayovumilia giza kwa miaka haivumilii jua.

Wapo watakaotaka kupiga rili zao wenyewe. Sawyer's iliuza kamera maalumu, View-Master Personal, kati ya 1952 na 1955. Ni mashine ya ajabu: kwenye filamu ya milimita 35 ya picha 36 inapata jozi 69, kwa sababu hupiga safu moja filamu ikienda, kisha lenzi zinasogezwa na safu ya pili inapigwa filamu ikirudi. Kodachrome haisafishwi tena popote tangu mwisho wa 2010, kwa hiyo leo filamu ya kutumia ni Ektachrome. Kabla ya kuinunua kamera hiyo, uliza kwanza kuhusu kikatio chake. Vipande vya filamu lazima vikatwe kwa kipimo kamili kabla ya kuingizwa kwenye rili tupu, mkasi hauwezi kazi hiyo, na kamera nyingi zinazouzwa zimekwisha kutenganishwa na kikatio. Kamera bila kikatio, na bila rili tupu, ni uzito wa mezani.